Mjomba, Breki Nimefunga, Tairodi Nimelipia

Leicester, Uingereza

Mjomba,

Hali ya hewa ni mvua. Ikikatika inakuja nyingine.

Madhumuni ya barua hii ni kujibu ile sauti uliyonitumia WhatsApp, uliyoirekodi hapo gereji yako ya Gerezani huku mtu anagonga bodi nyuma yako: "Hivi mtoto wa kiume, mpwa wangu mimi, unamlipa Mzungu akubadilishie breki pedi?" Vijana wako walivyocheka niliwasikia. Nimeona nisijibu kwa sauti, maana kwa sauti hujawahi kunipa nafasi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Kwanza bei. Yaris yangu, ambayo ndiyo Vitz ya huko kwenu, ilipokaribia ukaguzi wa mwaka niliitanguliza gereji itazamwe. Ikarudi na karatasi: pedi za mbele zimebaki milimita tatu, diski zimeliwa na kutu, tairodi endi ya kushoto ina plei. Pedi na diski, pauni 260. Tairodi pamoja na alaimenti, pauni 110. Nikauliza vifaa peke yake ni bei gani. Havifiki hata nusu. Kinacholipwa, Mjomba, ni mikono. Huko kwenu mteja anauza mbuzi anunue kifaa, halafu fundi anaambiwa atakunywa soda. Huku soda ndiyo kifaa, mbuzi ndiye fundi. Ndiyo maana Jumamosi ukipita mitaani utaona miguu ya mhasibu imetokeza chini ya gari lake, na wala hajagongwa.

Nilidhani sheria ingenikataza, nipate kisingizio cha kukupa. Wapi! Nchi hii ukitaka kutazama taarifa ya habari sebuleni kwako wakati inarushwa, lazima uwe na leseni ya televisheni. Kuvua breki za gari lako, litakalopita mbele ya shule kesho asubuhi, hakuna leseni wala cheti. Ni wewe na roho yako. Serikali inakungoja mbele, kwenye MOT. Ukaguzi huo ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza miaka kumi, na walikuwa wanaangalia mambo matatu tu: breki, taa na usukani. Siku hizi gari likifika miaka mitatu linapimwa kila mwaka, mpaka waipa zinakaguliwa, na pedi ikiwa chini ya milimita moja na nusu umefeli. Wakiandika kwamba kasoro ni ya hatari na ukaliendesha hivyo hivyo, faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi tatu kwenye leseni. Hapo hawaulizi nani alikaza nati. Wanamuuliza aliyeshika usukani.

Na aibu yake ni ya hadharani. Majibu yanawekwa kwenye intaneti. Mtu yeyote akiandika namba ya gari lako anasoma maradhi yake yote, mwaka kwa mwaka. Mama angekuwa huku, wachumba wa dada zangu wangechujwa kwa MOT.

Basi, pedi na diski nikaamua kufunga mwenyewe. Vifaa nilinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi karibu na Belgrave Road. Mji huu walihamia Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Halmashauri ya hapa ilifikia hatua ya kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije. Wakaja, na leo ndio wanaotuuzia breki. Mzee alinisikia naongea na simu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wa wapi wewe?" Nikasema moyoni, bei imeshuka. Nikaomba anipunguzie kidogo, sisi si watu wa ziwa moja? Akaandika namba ya gari kwenye kompyuta, ikamtolea pedi zake na diski zake sawasawa, akanigeuzia skrini yenye bei, akasema, "Mwombe huyu."

Kazi niliifanyia mbele ya nyumba. Huko kwenu ukifungua boneti wanakuja washauri watano, wote hawana gari. Huku hakuja mtu, ila pazia la jirani wa ng'ambo lilicheza. Mwishowe akatoka mwenyewe, mzee mstaafu, mkono mmoja chai na mwingine spana ya kupimia mkazo. Akaniarifu kwamba kitabu cha gari langu kinataka nati za tairi zikazwe kwa niutoni-mita 103. Nikamweleza kwamba kwetu fundi anapanda juu ya wili spana kwa miguu yote miwili, akiruka mara moja inatosha. Akanyamaza kidogo. Kisha akaomba, kama sitajali, abaki kutazama.

Sasa sikiliza, ujue kwamba Gerezani sikuwa nakuja kula mihogo tu. Gari niliegemeza kwenye stendi, si juu ya jeki tupu kama vijana wako. Diski iligoma kutoka, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi inaigandisha kwenye habu. Nyundo ikaongea nayo. Kalipa nikaifunga kwa waya kwenye springi isining'inie kwenye paipu yake. Pistoni nikairudisha taratibu kwa klampu, jicho likiwa kwenye kopo la mafuta ya breki, maana yakifurika yanababua rangi ya gari. Pini za kalipa nikazisugua mpaka zikang'aa, nikazipaka grisi yake maalumu. Vumbi sikulipuliza kwa mdomo, na hili nakuomba na wewe uliache, maana pedi za zamani zilikuwa na asbestosi na wewe umezipuliza tangu sijazaliwa.

Halafu kabla ya kuwasha gari nikakanyaga pedali. Ya kwanza ikazama mpaka sakafuni, laini kabisa, nayo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa pistoni imesukumwa mbali na pedi. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikaanza kukataa, ya nne ikawa ngumu. Anayesahau hatua hiyo anaondoka kwa furaha, anafika mwisho wa njia, anakanyaga, na ukuta wa mwenzake ndio unaomkumbusha. Nikalitembeza gari mtaani kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, nikashika breki, likasimama. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akachukua kikombe chake, akaondoka.

Mpaka niliojiwekea ulikuwa mmoja: paipu ya mafuta haifunguliwi. Ikifunguliwa upepo unaingia, na kuutoa upepo kunataka watu wawili wanaoelewana. Mimi nina jirani mmoja na chai. Tena mafuta yale yanavuta unyevu hewani. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanywa maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na nchi yenyewe nimeshakuambia mvua yake. Siku ya kubadilisha mafuta nitalipa, na nitalipa nikicheka.

Tairodi sasa. Najua hapa ndipo utakaporusha spana. Utasema tairodi endi ni kazi ndogo kuliko pedi: kotapini moja, nati ya juu, nati ya kati, gonga, chomoa, funga mpya. Ni kweli, na kwa mikono nisingeshindwa. Nililishika tairi pembeni, kushoto na kulia, nikalitikisa. "Tak", ugonjwa nikausikia mwenyewe. Lakini tazama hesabu. Hata nikihesabu mizunguko na kupiga alama ya rangi, tairi litakuwa limeelekea pembeni kwa kiasi ambacho jicho halioni ila lami inaona, na baada ya muda bega la tairi limeliwa. Kwa hiyo alaimenti ni lazima, na mashine ya alaimenti iko kwa yule yule niliyekuwa namkimbia.

Na hata mashine ingekuwa chumbani kwangu, bado ningekataa. Breki za magari ya siku hizi zina njia mbili za mafuta: moja ikipasuka, nyingine inabaki. Zote zikifa, Vitz ina hendbreki ya waya. Nikikosea pedi, gari litanipigia kelele, pedali itanilalamikia, nitapata nafasi ya kuomba toba. Tairodi ni moja kila upande, haina msaidizi. Ikichomoka kwenye M1, kwa mwendo wa maili 70 kwa saa, tairi la kushoto linakwenda linakotaka lenyewe.

Na wewe mwenyewe, Mjomba, hujawahi kumkabidhi mteja gari la usukani bila kumwambia, "Panda twende wote." Unaendesha wewe, yeye anasikiliza, kijana wako kakaa nyuma anachungulia. Huku fundi ni mimi, mteja ni mimi, wa kiti cha nyuma ni mimi. Nikalipa pauni 110. MOT imepita, unaweza kuisoma kwenye intaneti. Namba ya gari ninayo, sikupi.

Zile pedi za zamani ulizosema nisizitupe, nikutumie uone zilivyolika, nilizipeleka posta zikapimwa. Nauli yake inanunua pedi mpya. Nimezipiga picha, mbele na nyuma. Zikuze hapo kwenye simu.

Mpwa wako