Namna ya Kuhamasisha Uhandisi Shuleni Bila Kuulizwa Swali

Ndugu mratibu, hongera kwa kuteuliwa kuongoza msafara wa chuo unaokwenda kuwahamasisha wanafunzi wa sekondari wasome uhandisi. Kazi yenyewe ni nyepesi, kwa kuwa nusu yake imeshafanywa na nchi. Bwawa la Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, treni ya umeme inafika Dodoma, na pale Kigongo–Busisi magari yanavuka ziwa bila kusubiri kivuko. Mtoto ameyaona yote kwenye simu ya mjomba wake. Kilichobaki ni wewe kufika na kuhakikisha hayahusishi kabisa na daftari lake la Fizikia.

Anza na kalenda. Kwa kawaida mwanafunzi huamua kubaki na Fizikia au kuiaga akivuka kidato cha pili. Kwa hiyo kidato cha pili usikiguse, utakuwa umewahi mno. Nenda kwa kidato cha nne mwezi Oktoba, mtihani wa Taifa ukiwa Novemba, wakati nusu ya ukumbi imeshaachana na Fizikia zamani. Hao ndio wasikilizaji watulivu. Ukitaka kuwachangamsha, uliza: "Nani anapenda Hisabati?" Watanyamaza. Mwaka 2022 aliyefaulu somo hilo kidato cha nne alikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano, na wanaokutazama wanalijua hilo kuliko wewe. Cheka kidogo, endelea na slaidi. Hisabati ni ya idara nyingine.

Shule ichaguliwe kwa kufuata lami. Zile za ufundi, kama Ifunda, Moshi au Iyunga, zina karakana, na mtoto aliyekwisha kushika tupa na jiliwa ni msumbufu. Shule ya kata iliyoko mwisho wa barabara ya vumbi, yenye mwalimu mmoja wa Fizikia na huyo mmoja naye ni wa kujitolea, itachosha springi za gari la chuo. Nenda pale mjini, kwenye shule ya kulipia ambayo watoto wake walishaamua kuwa wahandisi tangu chekechea. Mafanikio yatakuwa ya asilimia mia.

Hotuba iwe ya Kiingereza, isipokuwa maneno "itifaki imezingatiwa", ambayo yatasemwa baada ya kuitaja itifaki yote kwa dakika ishirini. Kisha historia ya chuo. Kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kilianza mwaka 1973. Kama chuo chako ni kichanga kuliko hicho, hiyo si sababu ya kufupisha. Taja kila mkuu wa kitivo, na kila jengo na mfadhili wake. Kazi ambayo mhandisi huifanya siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, haina haja ya kuelezwa.

Wasichana wana kipengele chao. Waambie "Wasichana mnaweza!" wakujibu "Tunaweza!", mara tatu, kisha uhamie slaidi nyingine kabla hawajauliza kitu gani hasa wanachokiweza. Kama kwenye msafara yumo mhandisi mwanamke, mpe kazi ya kugawa soda.

Usisahau roboti. Kila msafara una roboti yake, na ya kwenu iwe juu ya meza iliyozungushiwa utepe, pembeni pawekwe karatasi ya USIGUSE. Ni ileile iliyonunuliwa ikiwa vipande na kuungwa kwa kufuata kijitabu. Itatembea hatua nne, itapunga mkono, watapiga makofi. Mwenye hamu ya kujua ndani mna nini aelekezwe kwenye kipeperushi.

Hapa ndipo umeme utakapokatika. Utakatika, usijipe moyo. Shule italeta jenereta, jenereta itanguruma dakika sita na kuzima, na mafundi wenu wawili wenye shahada wataizunguka mikono ikiwa mfukoni, wakijadiliana kumpigia nani simu. Kaa chonjo, maana saa hiyo msafara wote unaweza kuharibika. Kutoka mistari ya nyuma atainuka msichana wa kidato cha nne ambaye baba yake ana mashine ya kusaga. Ataomba spana. Atafungua plagi, ataitazama, atasema imejaa masizi, ataisugua kwa kipande cha msasa, ataipuliza na kuirudisha. Atafungua mfuniko wa tangi ahakikishe mafuta yanashuka. Ataivuta kamba mara mbili na taa za ukumbi zitawaka.

Sasa fanya haraka. Kabla watu hawajamtazama sana, mwalimu wa zamu amwambie anawe mikono arudi kwenye mstari, na wewe ushike kipaza sauti useme: "Basi, tuendelee na mada yetu ya uhandisi."

Baada ya hapo kuna maswali, na mratibu mzoefu huyaogopa kuliko giza. Ziara moja ya mtu wa chuo kikuu katika shule ya Tanzania ya zamani inatajwa duniani hadi leo, na iliharibiwa na swali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Utaratibu ulitaka maziwa yachemshwe na sukari, yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa inagombewa, naye akayatia yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipopanda hadi Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kilekile, yakiingia pamoja kwenye jokofu, kwa nini ya moto hutangulia kuganda? Darasa likacheka. Na hapo ndipo Osborne alipokosea taratibu zetu zote. Hakuhamia slaidi nyingine. Alisema hajui, akaahidi kulijaribu. Fundi wa maabara kule Dar akalijaribu, akaleta jibu kwamba kweli ya moto yalitangulia, akaongeza kuwa atarudia hadi apate matokeo sahihi. Mwaka 1969 ikachapishwa makala yenye majina mawili, la mwanafunzi na la mgeni, na wanafizikia wangali wanabishana kuhusu sababu. Mpemba mwenyewe akasomea uhifadhi wa wanyamapori. Yaani gharama yote ile, na uhandisi haukupata hata mwombaji mmoja.

Ili balaa hilo lisikufike, mgeni rasmi achelewe. Ukifika wakati wa maswali, sema muda si rafiki, yatapokelewa mawili tu. La kwanza apewe kaka mkuu, atakayelisoma kutoka kwenye karatasi aliyoandikiwa jana: mhandisi ana mchango gani katika maendeleo ya taifa? La pili ulijibu kabla halijaulizwa.

Mzazi akikuvizia karibu na gari akitaka kujua njia, mtajie moja tu: tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kidato cha sita, miaka minne ya shahada. Usimwambie kwamba Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha hupokea waliomaliza kidato cha nne kwa stashahada, na kwamba wengi hupanda shahada kutoka huko. Ataona mwanawe mwenye alama za wastani naye ana pa kupita. Ufadhili wa Samia kwa wanaoongoza masomo ya sayansi kidato cha sita, ulioanza 2022, usiutaje pia, atakuuliza vigezo. Na miaka ya kufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumtambua kijana, hiyo atakutana nayo mwenyewe.

Mwisho kabisa, ripoti. Kwenye idadi ya waliofikiwa jumlisha shule ya msingi ya jirani, kwa kuwa walichungulia dirishani. Ambatanisha picha ya pamoja, roboti ikiwa katikati. Mapendekezo: siku za ziara ziongezwe, na posho vilevile. Kwenye changamoto andika kwamba ilijitokeza hitilafu ndogo ya umeme na ikatatuliwa. Nani aliitatua, fomu haina nafasi ya kuandika.