Niulizeni gramu, herufi tuachane nazo

Shangazi, barua hii isome kwanza peke yako, halafu wapitishie kina dada. Baba na wajomba wape salamu tu, zinawatosha.

Lile jambo limekubaliwa. Napunguzwa matiti hapahapa Houston. Mgongo unaoniuma nikiinua wazee kazini, mifereji iliyochimbwa mabegani na kamba za sidiria, vipele vya jasho kila kiangazi: yote yameandikwa kwenye faili, na picha zimepigwa bila kichwa changu, alhamdulillahi. Lilibaki swali moja: nibakize kiasi gani?

Kumbe kila mtu ana jibu lake. Mama anasema, "Kidogo tu, usiturudie kama mvulana." Bibi anataka yabaki ya kunyonyeshea vitukuu ambao baba yao hata hajajitokeza. Zuhura, bibi harusi wetu, amenitumia picha ya mrembo mmoja wa filamu. Mwenzangu wa zamu ya usiku kasema, "Toa yote, shoga, tupumzike." Nami nikaenda kwa daktari na langu: nataka C.

Daktari akatabasamu kwa adabu. Herufi ya sidiria inatokana tu na tofauti ya mzingo wa kifua penye matiti na chini yake. Kwa hiyo 34D na 36C hubeba ziwa lile lile, kila kiwanda kina C yake, na G ya Uingereza si G ya Marekani. Herufi haahidi. Yeye anahesabu gramu: kinachokatwa kinawekwa kwenye mizani mlemle chumba cha upasuaji. Ni kama buchani, ila nyama unaiacha na bado unadaiwa.

Na anayelipa naye ana neno. Bima nyingi huku hufuata jedwali la daktari Paul Schnur na wenzake, la mwaka 1991. Wanachukua urefu na uzito wako, wanakadiria eneo la ngozi ya mwili wako, kisha wanasoma gramu. Mwenye mita 2 za mraba anatakiwa kutolewa gramu 628 kila upande. Zikipungua, wanasema unatafuta urembo, jilipie. Mama, hiyo "kidogo tu" yako ina bei, na bili nitaituma kwako.

Mwenzangu wa "toa yote" naye kakwama. Chuchu inapandishwa juu ikiwa bado imeshikana na kipande cha nyama kinachoipelekea damu. Ukikata kupita kiasi damu haifiki, na chuchu inaweza kufa. Halafu kifua chenyewe kina upana wake. Zuhura, mrembo wako angeingia mzima katika mkono mmoja wa baibui langu; ziwa lake likiwekwa kwenye mbavu hizi za ukoo wetu, litatafutwa kwa tochi. Bibi, maziwa ya kunyonyesha huenda yakapungua, huenda yakakosekana kabisa. Daktari hakuahidi maziwa, nami sijaahidi vitukuu.

Basi akanisimamisha, akashika utepe, akapima kutoka kishimo cha koo hadi kwenye chuchu, upande mmoja kisha wa pili. Vipimo havikulingana. Akaniuliza nataka kufanya nini ambacho sasa nashindwa. Hapo nilikuwa na majibu tele: kulala kifudifudi, kuvaa sidiria moja badala ya mbili, kufunga vifungo vya sare ya kazi, kukimbilia basi bila kujishika. Akaandika, akapiga hesabu, akasema kiasi cha kunitimizia hayo kinapita kile cha jedwali, na chuchu itakuwa salama. Nikasaini.

Sasa la muhimu. Uvimbe huchukua miezi mitatu hadi sita kutulia, na nikinenepa matiti huenda yakaongezeka tena. Kwa hiyo sare ya harusi ya Zuhura, fundi asiguse kitambaa changu kwa vipimo vya Idi iliyopita. Na Zuhura, ukiwahisha harusi, nitakuja na dera.