Barua ya Wazi kwa Wakaguzi wa Maandalio ya Masomo

Waheshimiwa,

Ama baada ya salamu na taadhima zinazostahiki vyeo vyenu, nawaandikia kutoka shule ya kutwa iliyo juu ya Othaya, mahali ambapo mwezi wa Julai wanafunzi hupuliza vidole kabla ya kushika kalamu, ili kuwashukuruni kwa muhuri mlioupiga juu ya andalio langu la somo la Kiingereza, kidato cha nne. Andalio hilo liliandikwa usiku na akili unde, simuni mwangu, kwa bando la shilingi ishirini. Nalo liliutwaa mkutano wa marais wa Afrika uliomo katika riwaya ya Paul B. Vitta, Fathers of Nations, likauhamisha kutoka Banjul hadi Geneva, kisha likaagiza wanafunzi waonyeshwe ziwa la huko kwa projekta, ilhali darasani kwangu nakala moja ya riwaya husomwa na wanne, na soketi ya pekee iliungua zamani. Niliyaona hayo yote, nikayaacha makusudi, nipate kujua kama upande wa pili yupo binadamu. Andalio likarudi na tiki nyekundu na neno "Safi".

Maadamu imethibitika, basi, kwamba mwandishi wa maandalio si mwalimu wala msomaji wake si mkaguzi, naomba kwa unyenyekevu nanyi mpate akili unde yenu ya kuyasoma. Ipewe kiti chenye mto, chai ya saa nne na mandazi mawili, muhuri na wino wake, na marupurupu ya semina ya siku tatu Naivasha, ambako itafundishwa kwamba utangulizi wa somo ni dakika tano wala si sita. Yangu italeta maazimio ya kazi kabla ya muhula kufunguliwa. Yenu itayarudisha kwa kuwa pambizo ni nyembamba. Yangu itaomba radhi kwa kurasa kumi na nne. Yenu itaguswa moyo. Na ikisadifu kwamba, kwa wingi wa barua, zimependana, wazee wa pande zote mbili tutaketi kwa ruracio tupange mahari, mbuzi tuwaandike kwenye fomu yenye nakala tatu, nanyi mpige muhuri bila kuwahesabu, kama ilivyo ada yenu.

Maombi mengine ni madogo. Mnirudishie pesa za bando. Mnijulishe yule "mwanafunzi wa wastani" wa kwenye fomu hukaa dawati lipi. Na ule mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa kutwa, uliowekwa tangu 2018, ukitokea kufika mzima na kwa wakati, tutengeneze soketi.

Mashine sina ugomvi nayo. Nisiloweza kulimeza ni kwamba binti mmoja darasani kwangu huchuma majani chai Jumamosi kutwa, usiku akaandika insha kwa mwanga wa simu ya mamake, nami simsomei wiki mbili kwa sababu nawajazia nyinyi karatasi. Na mkaguzi alipokuja akaitisha faili, akahesabu kurasa, akanywa chai, akaondoka bila kufika mlango wa darasa. Aibu iwashike! Niwieni radhi, kalamu imeteleza. Nilikusudia kusema kwamba tunazithamini mno ziara zenu.

Insha sitini ziko mezani, na mtihani wa kitaifa ni Novemba. Faili mnayo tayari. Niacheni nizisome.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Kiingereza