Mpwa Wangu na Mkoba Usiomwagika

Barabara ya kutoka Kigali kuja Rusizi haina urafiki na kitu chochote cha majimaji. Basi likitoka stendi ya Nyabugogo hupita Muhanga na Huye kwa adabu, kisha Nyamagabe ikishabaki nyuma linaingia msitu wa Nyungwe, na hapo kila chupa iliyo sandukuni huanza kusema ya moyoni. Msitu huo UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, kwa sababu ya viumbe wake na si kwa sababu ya kona zake. Humo msituni, karibu na Uwinka, barabara hufika takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya ndege ya abiria, hata ikiwa juu ya mawingu, hewa huwekwa iwe sawa na ya mlima wa mita 2,400 au pungufu. Kwa hiyo chupa ya shampuu inayokuja kwetu kwa basi hupandishwa juu kuliko ile inayoruka kwenda Ulaya, tena bila mhudumu wa kuiuliza kama inataka chai au juisi.

Anayetokea Bugarama ndiye mwenye shida kamili. Bonde hilo, humu humu wilayani Rusizi, ndiyo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, chini ya mita 1,000. Ukifunga chupa pale, hewa iliyobaki ndani ni hewa nzito ya bondeni. Ukiifikisha Nyungwe, hewa ile ile inataka nafasi zaidi, karibu moja ya tano ya ile iliyokuwa nayo, na atakayetolewa nje ili nafasi ipatikane ni shampuu. Inatoka kupitia kifuniko, polepole, mpaka kwenye shati la harusi. Basi likianza kuteremka kuelekea upande wa pili wa nchi, hewa inanywea, chupa inabonyea mbavu, na ukilifungua sanduku unaikuta imejilaza pembeni haina habari.

Zamani dawa ilikuwa moja tu: mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza sheria juu ya plastiki za kutumika mara moja, kwa hiyo dawa yetu ilibaki ng'ambo ya daraja la mpakani, upande wa Kongo. Bukavu wanaiita sashe, na ukinunua hata limau moja unapewa yake. Huku kwetu kuna akina mama waliokamatwa wakivusha sashe tupu, zimezungushwa kiunoni chini ya kitenge. Mgeni akisikia kwamba sisi hufanya magendo ya mifuko isiyo na kitu ndani hudhani tunamtania.

Basi mpwa wangu anayeishi Brussels aliponiandikia kwamba anakuja likizo, na kwamba katika mkoba wake wa bafuni hamna tone hata moja la majimaji, nilimwona ni binti aliyelelewa vizuri. Alifika na mkoba wa kitambaa usiozidi ukubwa wa Biblia, akaufungua mezani mbele ya familia nzima. Kulikuwa na shampuu ya kipande, losheni ya kipande, manukato yaliyogandishwa ndani ya kikopo, na kichupa cha vidonge vyeupe vya kusafishia meno. Unatafuna kimoja, unapiga mswaki, umemaliza.

"Mjomba," aliniambia, "shampuu ya chupa sehemu yake kubwa ni maji. Kwa nini nilipe mzigo kubeba maji kutoka Ulaya mpaka kando ya Ziwa Kivu?"

Hoja hiyo sikuwa na jibu lake, na mpaka leo sina. Akaeleza pia habari za viwanja vya ndege. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Kabla mwaka huo haujaisha, msafiri wa Ulaya na Marekani alikuwa ameamriwa asiingie na chombo cha majimaji kinachozidi mililita 100, na vyombo vyote vikae katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, usiozidi lita moja. Dawa ya meno imo, krimu imo, na hata mafuta ya mgando, ambayo ukiigeuza chupa juu chini hayatoki mpaka uyachimbe kwa kidole, yanahesabiwa majimaji. Mwenye vipande hahusiki. Anapita.

Mama yangu, aliyekuwa akisikiliza huku anachambua maharage, alichukua ile shampuu, akainusa, akaigonga mezani.

"Kwa hiyo Wazungu sasa wamegundua sabuni?"

Hatukucheka sana kwa sababu mgeni alikuwa mgeni. Lakini ni kweli kwamba katika jambo hili sisi hatukuwa nyuma. Wazee wa hapa walijipaka mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa. Pwani ya Waswahili bibi harusi hakutegemea chupa tu: udi ni kijiti, liwa ni kipande cha mti kinachosagwa juu ya jiwe, wanja ni unga, ubani ni punje. Na sabuni ya mawese kutoka Kongo imekuwa ikivuka daraja letu kwa mapande tangu sijazaliwa. Iliyokuwa ikileta usumbufu ni ile ya nyumbani iliyopikwa kwa majivu ya maganda ya ndizi. Majivu hayo yana potasi nyingi, na sabuni ya potasi haikazi. Hubaki laini, inachotwa kwa vidole. Kwa hiyo nyanya zetu walikuwa na sabuni ya majimaji kabla ya viwanda, wakaiacha kwa furaha siku walipopata ya kipande. Sasa wajukuu zao wanaiacha ya chupa kurudi kwenye kipande, na wanalipa euro nyingi kwa safari hiyo.

Mikasa ilianza na nywele. Mpwa alikwenda kuoga ziwani, akarudi kichwa kimeshikana kiasi kwamba kitana kilisimama chenyewe. Maji ya Kivu yana madini mengi, magnesi ikiwemo, na sabuni halisi ikikutana na magnesi huzaa utando mweupe usioyeyuka. Shampuu za kipande zipo za namna mbili: zile zilizopikwa kama sabuni, kwa mafuta na soda, na zile zilizotengenezwa kwa viambato vingine visivyogombana na madini. Ya kwake ilikuwa ya namna ya kwanza, kazi ya mikono, kutoka soko la Jumamosi. Mama alimkalisha kwenye kigoda, akamwagia maji ya mvua kutoka kwenye pipa, akakamulia limau. Utando ukatoka. Mama hakusema neno lolote kuhusu Wazungu, na kunyamaza kwake kulikuwa kurefu.

Wiki hiyo hiyo mama alishikwa na kichwa usiku. Hakutaka kumwamsha mtu. Akaenda bafuni akipapasa, akakuta kichupa cha vidonge vyeupe, akameza viwili kwa maji, na cha tatu, kwa kuwa kichwa kilikuwa kikali, akakitafuna. Asubuhi tulimkuta jikoni anaimba. Mpwa alipoona kichupa kimefunguliwa nusura azimie. Alisoma tovuti zote za Ubelgiji mpaka akaridhika kwamba vidonge vitatu havina fluoridi ya kumdhuru mtu mzima. Mama alimsikiliza kwa upole, kisha akasema dawa hiyo ni nzuri kuliko ya kituo cha afya. Kichwa kimeacha, na mdomo unanukia mnanaa. Povu alilolipata la kile cha tatu alilichukua kuwa ndiyo dalili ya ugonjwa kutoka.

Lakini mkasa mkubwa ulikuwa darajani, na hapo ndipo nilipojifunza kitu kuhusu hizi bidhaa ambacho hakuna anayekitaja anapozisifu. Tulivuka kwenda Bukavu kumsalimu ndugu, tukarudi jioni. Mpwa alikuwa amebeba mkoba wake, maana huwa hauachi. Askari wa upande wetu, kijana mwenye adabu, aliomba kuona ndani. Sashe hakukuta. Alikuta losheni: kipande cha rangi ya maziwa, kimefungwa karatasi ya kaki, hakina jina, hakina orodha ya viambato, hakina nembo.

"Hii ni nini, dada?"

"Ni mafuta ya kupaka."

Akakibonyeza kwa kidole. "Mafuta? Magumu hivi?"

Ili kuelewa sura aliyoifanya lazima ukumbuke kwamba Rwanda imepiga marufuku vipodozi vya kujichubua, vyenye haidrokwinoni na zebaki, na tangu mwishoni mwa 2018 dola imekuwa ikivikamata madukani na mipakani bila mzaha. Mkorogo ni mkorogo hata ukiwa kipande. Sabuni za zebaki nazo ni vipande, tena vinavyonukia vizuri. Sasa mbele yake anasimama binti mweupe wa asili, anayetoka upande wa pili wa daraja jioni, na kipande cha mafuta kisicho na jina.

Mpwa akaanza kueleza kwa Kiswahili chake cha likizo kwamba kukosa lebo ndiyo sifa yake. Hakuna kifungashio, kwa hiyo hakuna takataka. Alidhani nchi iliyofukuza mifuko ya plastiki itampigia makofi. Askari alimsikiliza mpaka mwisho, akaniangalia mimi mtu mzima.

"Mzee, unamjua huyu?"

Nikasema ni mtoto wa dada yangu. Akauliza kama mimi pia hujipaka hicho kitu. Foleni nyuma yetu, akina mama wa samaki na vitenge, walikuwa wameshaanza kutoa hukumu: mmoja alisema ni jibini, mwingine akasema jibini halinuki maua, wa tatu akashauri tukilambe. Mwishowe askari aliita mwenzake wa kike, akajipaka kidogo mkononi, akangoja, akaona rangi yake haijabadilika, akaturuhusu. Alituambia tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, kwamba kitu kikiwa na karatasi yake husafiri vizuri zaidi.

Brussels kukosa maandishi ni uungwana. Mpakani ni kesi. Nisingeijua tofauti hiyo kama kipande kile kisingetukawiza mpaka giza likaingia.

Kipande chenyewe hakikudumu. Jumamosi kulikuwa na harusi Bugarama, na mpwa alikitia katika mkoba wa mkononi pamoja na hereni zake, akaacha mkoba ndani ya gari wakati sisi tuko kanisani. Siagi ya kakao, iliyokuwa uti wa mgongo wa losheni ile, huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 au zaidi kidogo, karibu na joto la mwili, na ndiyo maana ikishikwa mkononi hulainika. Gari lililofungwa mchana wa Bugarama hupita hapo bila kupiga honi. Tulipotoka, losheni ilikuwa imerudi kuwa majimaji, imepita kwenye kitambaa cha mkoba, na imeingia katika umushanana ulioazimwa, vazi letu la sherehe. Jioni tukapanda kurudi kwetu Kamembe kwenye ubaridi, ikaganda upya kwenye kona ya mkoba, safari hii hereni zikiwa ndani. Moja tuliitoa kwa kisu. Doa la umushanana mama alilitoa kwa sabuni ya mche ya kufulia, ile ya mia chache sokoni, yenye jina la kiwanda limegongwa pande mbili.

Siku ya kuondoka, mkoba mkavu ulikuwa na nafasi, na familia nzima iliona nafasi hiyo. Mama alileta asali ya Nyungwe, shangazi alileta mafuta ya ng'ombe, jirani alileta pilipili ya mafuta ya Akabanga, ile ya kichupa cha matone. Mpwa alivipokea vyote kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akavipanga katika begi la mkononi kwa sababu kubwa lilishafungwa. Msiniulize uwanja gani. Asali ilibaki, kwa kuwa asali ni majimaji. Mafuta ya ng'ombe yalibaki, yameganda kama jiwe, kwa kuwa pale siagi nayo ilihesabiwa humo. Kitu pekee cha nyumbani kilichopanda ndege ni pilipili, ambayo haifiki hata robo ya mililita 100, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa hatari kuliko vyote.

Ameandika kwamba atarudi Desemba na vipande vingine. Nami nawaomba wote mnaokuja Rusizi na vipande vya namna hiyo: njooni navyo, vinafaa kwa Nyungwe kuliko chupa yoyote. Lakini kila kipande kije na karatasi iliyoandikwa ni nini. Losheni isilale ndani ya gari Bugarama. Na vidonge vya meno mvifiche, kwa sababu mama ameshaanza kuwagawia majirani habari zake.