Jinsi ya Kumtunga Mjanja wa Chuga

Kwanza, mvue kofia ya John Wayne. Mwaka 1962 filamu yake ya Hatari! iliuonyesha ulimwengu Mlima Meru na nyika za Momella, mashujaa wake wakikimbiza vifaru na twiga kwa magari na kamba. Ni filamu tamu, naipenda. Lakini wenyeji wa mlima wamo humo kama wasaidizi tu. Mjanja wako wa Chuga, yaani Arusha, awe chalii wa Ngarenaro, na hadithi iwe yake.

Pili, mtafutie riziki inayomponza. Mfanye dalali wa tanzanite. Jiwe hilo lilijulikana 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha: mjini taifa linahimizwa kula kwa jasho lake, na kule Mererani ardhi inamtajirisha mtu kwa usiku mmoja. Mjanja wako ni mtoto wa kauli hizo mbili, na zote anaziamini. Mweke kabla ya 2018, migodi haijazungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 24, apate pa kupenya.

Tatu, tuonyeshe mikono yake. Ukiandika "alikuwa mjanja sana", umeshamuua. Andika hivi: alikaa juu ya toyo, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akakifungua juu ya paja polepole kama anayefunua kifaranga. Akalipumulia jiwe, akalifuta kwa shati, akaligeuza juani: bluu, kisha zambarau. "Shikamoo mzee wangu. Wewe nakupa bei ya nyumbani." Mzee akacheka, mkono ukaenda mfukoni. Msomaji naye acheke, kisha apapase mfuko wake.

Nne, chagua vizuri wa kumlaghai. Abunuwasi aliwazidi akili wakubwa. Sungura aliwachezea Fisi na Simba. Ndiyo maana tuliwapenda tukiwa wadogo, na tunawapenda hadi leo: walishinda pale mnyonge anaposhindwa kila siku. Anayemdhulumu mama muuza ndizi wa Tengeru ni mwizi, hata awe na maneno matamu kiasi gani.

Tano, mpe mtu mmoja asiyedanganyika. Bibi yake wa Sing'isi anatosha. Anamwekea bakuli la loshoro, anamtazama, anauliza, "Pesa hii umeitoa wapi, mjukuu wangu?" Ulimi wote wa mjini unakauka.

Mwisho, mpandishe Meru, mita 4,566, pamoja na mwenzake. Baada ya Rhino Point njia inashika ukingo wa kreta, usiku, kwa baridi, miguu ikididimia kwenye jivu. Mlima haupokei bei ya nyumbani. Mwenzake akichoka hapo, mjanja aubebe mzigo wake bila kuuliza atalipwa nini.

Akirudi Sing'isi, bibi atamwekea loshoro na kutazama jivu kwenye viatu. Safari hii aseme kweli kabla hajaulizwa.