Barua ya Wazi kwa Mlinzi wa Lugha ya Kiingereza, Popote Alipo

Kwa Jenabi Mlinzi Mkuu wa Lugha ya Kiingereza,
Uingereza, au popote atakapopatikana.

Baada ya salamu nyingi na taadhima zikustahikizo, na baada ya kukuombea afya, uzima na macho ya kusomea, nakuarifu ya kwamba sisi wanafunzi wa lugha yako, ambao sasa tumekuwa wengi kuliko hao waliozaliwa nayo, tu wazima wa miili, ila akili ndizo zilizochoka. Nami, bila kutumwa na chama wala serikali, nimeona ni wajibu kukufikishia mashitaka yetu kwa lugha iandikwayo kama isemwavyo, lisije likapotea neno njiani.

Kwanza nieleze kwa nini barua hii haina anwani ya kueleweka. Wafaransa, majirani zako, wana chuo chao cha kuilinda lugha tangu mwaka 1635, alichokiasisi Kadinali Richelieu, na Mfaransa mwenye shaka juu ya neno ajua ni mlango gani wa kubisha hodi. Waarabu wana majumba yao ya lugha Damascus na Cairo. Nasi Dar es Salaam tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967. Kwenu Jonathan Swift alimwandikia Earl of Oxford mwaka 1712 akimsihi iundwe jumuiya ya kuisafisha lugha na kuithibitisha, na jumuiya hiyo yangojewa hata hivi leo. Na Samuel Johnson, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1755, alianza kazi akitumaini kuifunga lugha isigeukegeuke, akaimaliza kwa kuungama katika dibaji kwamba tumaini hilo halikuwa na msingi. Basi kiti ukaliacho, Jenabi, seremala hajakichonga bado. Walakini maadamu lugha hii ndiyo ituongozeayo ndege angani na kutuandikia mikataba ya mikopo, siwezi kuamini kuwa haina mwenyewe. Nakuandikia kwa dhana njema kwamba upo ila umejificha, na kwa hayo nitakayoyataja hapa chini, ningekuwa mimi nami ningejificha.

Shauri la kwanza ni la herufi. Ulijaliwa herufi 26, na miongoni mwao irabu 5, idadi ile ile tuliyojaliwa sisi. Lakini ilhali sisi tuliipa kila irabu kazi yake, ikaridhika nayo kutoka Lamu hadi Kilwa, wewe mwenye sauti za irabu zikaribiazo 20 uliziacha hizo tano zigombanie kazi bila mkataba. Tazama herufi nne za “ough”: katika “though” zasomwa kama o, katika “through” kama u, katika “bough” kama au, na ukifika “cough” na “rough” yazuka f ambayo haikuandikwa popote, nayo si kwa sauti moja, kwani ya kwanza yasikika kama kof na ya pili kama raf. Ni herufi zile zile, kwa mpango ule ule. Mwalimu akiulizwa sababu hujibu kuwa ndivyo ilivyo, jibu ambalo katika somo la hesabu lisingekubaliwa hata na mtoto wa darasa la kwanza.

Na jeshini ndiko kwenye maasi makubwa zaidi. “Colonel” ameandikwa kwa l mbili, walakini wenyewe humsoma kana kwamba katikati yake pana r, ambayo haikualikwa; “lieutenant” Waingereza humsoma kwa f, na Wamarekani hawaitambui f hiyo hata kidogo, na bado majeshi hayo mawili yamekwenda vitani pamoja mara nyingi na kushinda. Afadhali sisi tuliowaita kanali na luteni, tukawapa sare zinazowaenea. Hali kadhalika “bicycle”, ambamo c mbili zimeketi katika neno moja, moja ikajifanya s na nyingine ikajifanya k, na i na y zikabadilishana zamu: sisi tulilipokea neno hilo likiwa taabani, tukaliandika baiskeli, na tangu siku hiyo kila herufi yafanya kazi iliyoajiriwa.

Najua utatoa udhuru, nami kwa insafu nitaupokea ule ulio wa haki. Utaniambia kwamba k na gh za “knight” zilikuwa zikitamkwa zamani; kwamba William Caxton alipoleta mtambo wa kupigia chapa Westminster mwaka 1476, maandishi yakaanza kuganda ilhali irabu zenu zilikuwa bado zi safarini, zikaenda kutua mbali na mahali zilipoandikwa. Sawa, msiba wa namna hiyo waweza kumfika yeyote. Lakini utaniambia nini juu ya “debt”, neno ambalo mababu zako walilipokea kutoka Kifaransa bila b yoyote, wakaliandika bila b wakaridhika, mpaka wakaja wanazuoni wakalitia b ili lifanane na mzee wake wa Kilatini, wala hapana aliyeitamka b hiyo tangu wakati huo? Tena “island”, ambacho hata Kilatini si ukoo wake: ni neno lenu la asili, limezaliwa huko huko penye ukungu, wakalibandika s kwa kudhani ni jamaa ya “isle”. Sisi watu wa pwani twawajua sana wajibandikao nasaba za mbali wasizozaliwa nazo, na huwavumilia kwa kuwa karamu zao ni nzuri. Lakini kwetu ajibandikaye ni mtu, kwako hata kisiwa.

Mambo ya umoja na wingi sitayasemea mengi, kwa sababu nawe waweza kunigeuzia kibao ukanitajia ngeli zetu, ambazo zimewatoa jasho mapadri na maofisa wengi. Nakiri kuwa ngeli ni nyingi. Hata hivyo ukishajua kuwa kiti ni viti, waweza kulala usingizi ukijua kisu kitakuwa visu. Kwako panya “mouse” wakizidi huwa “mice”, na nyumba “house”, iliyojengwa kwa umbo lile lile, ikizidi haiwi “hice”, na kondoo “sheep”, hata wakijaa bonde zima, hawana wingi. Vivyo hivyo vitenzi vyako vidogo vyenye mikia: karani wa London ataka uijaze fomu kwa “fill in”, wa New York kwa “fill out”, moja yaelekea ndani na moja nje, na fomu ni ile ile, na ada yake hairudishwi.

Haya yangekuwa ya kuchekesha tu lau lugha yako ingebaki barazani kwako. Huku Tanzania mtoto wa shule ya serikali husoma madarasa ya msingi kwa Kiswahili, akijua tangu mapema kwamba alisikialo aweza kuliandika na aliandikalo aweza kulisoma; akiingia sekondari hukuta elimu ya viumbe, jiografia na hesabu zimehamia Kiingereza usiku mmoja. Siku ya imla mwalimu husema “nait”, naye mtoto akae aamue kama ni usiku au ni askari wa kale aliyepanda farasi. Aandikaye kama asikiavyo ndiye akosaye, na aandikaye asichokisikia ndiye asifiwaye. Na kwa kuwa mtihani haupimi ila hayo yaandikwayo, huenda yule aijuaye vizuri habari ya moyo na mishipa ya damu akaonekana mjinga mbele ya mwenzake aliyehifadhi tahajia bila kuelewa moyo u upande gani wa kifua. Jambo hili, Jenabi, halinichekeshi.

Wala usiniambie kwamba haikujulikana. Noah Webster aliitoa u katika “honour” na “colour” kule Marekani, na kamusi yake ya mwaka 1828 ikaitia mhuri talaka hiyo, ila alipotaka ulimi uandikwe “tung” watu wake wakamkatalia. Rais Theodore Roosevelt mwaka 1906 aliamuru mpiga chapa wa serikali atumie tahajia nyepesi kwa maneno 300. Baraza la Congress likang’aka, naye akarudi nyuma. Miaka mitatu baadaye alishuka Mombasa kuja kuwinda bara, na tuna ithibati kwamba simba aliwaweza. Tahajia ilikuwa imekwisha kumshinda. Mwaka 1949 mswada wa kurekebisha tahajia ulifika katika Bunge la London, ukaangushwa kwa kura 87 dhidi ya 84. Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wasia na fedha ili pabuniwe alfabeti mpya yenye herufi zisizopungua 40, ikabuniwa kweli, na mwaka 1962 mchezo wake mmoja ukapigwa chapa kwa herufi hizo, nao wasomaji wakautazama kama watu watazamavyo nyayo za kuku.

Na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Watu hao hao wasiokubali kuamuliwa hata u moja kwao, walikutana Mombasa mwaka 1928, maofisa wa serikali na wamisionari, wakajadiliana ni Kiswahili gani kilicho Kiswahili, wakakichagua cha Unguja. Na mwaka 1930 ikaasisiwa halmashauri ya lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ambayo mwanzoni haikuwa na mjumbe Mwafrika, na kitabu cha shule kilihitaji ridhaa yake. Yaani watu ambao kwao “knife” ina k isiyosikika ndio waliotufundisha namna ya kuandika kisu. Siwaonei: kazi yao kwa jumla ilikuwa njema, na hata barua hii naiandika kwa tahajia yao. Ila mtu wa Mombasa atakuambia mpaka leo kwamba paa la nyumba na paa wa mwituni kinywani mwake ni sauti mbili, na kwenye karatasi ya halmashauri mnyama na makuti vimekuwa kitu kimoja. Wahenga walisema mganga hajigangi. Walakini mgonjwa aliyepona hakatazwi kumganga mganga.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba paundwe Halmashauri ya Kiingereza ya Nchi Nne, nazo ni Uingereza, Marekani, Kanada na Australia, na makao yake yawe Mombasa pale pale. Wajumbe watakuwa mwalimu wa imla aliyestaafu, karani wa forodha, nahodha mmoja na mtunzi wa mashairi, ambaye kazi yake ni kuwakemea wengine. Mjumbe Mwingereza hatakuwapo kwa sasa, si kwa chuki, bali kwa kuwa yuko karibu mno na lugha hiyo kuweza kuiona sawasawa. Baada ya miaka kadhaa, ikidhihirika kuwa amepiga hatua, ataalikwa mmoja aje kusikiliza. Lahaja tutakayoisanifisha ni ya Liverpool, maana ni bandari kama Unguja, na watu wa London watakaponung’unika kwamba lugha yao ndiyo ya washairi, tutawajibu kwa upole, kama walivyojibiwa Wamvita wa Mombasa kilipochaguliwa Kiswahili cha Unguja, kuwa lahaja yao ni tamu sana na waendelee kuitumia nyumbani. Kila kitabu kitaletwa kwetu kipigwe mhuri kabla ya kuingia shuleni, cha Shakespeare kikiwa cha kwanza, naye sidhani atanuna, kwa sababu katika sahihi zake 6 zilizosalia hakuafikiana na nafsi yake mwenyewe juu ya tahajia ya jina lake.

Mashauri yako, ukiwa nayo, yaandike kwa nakala tatu, nayo halmashauri itayazingatia kwa wakati wake. Na kwa kuwa maofisa wenu wa zama zile walikuwa na adabu ya kumalizia kila barua, hata ile ya kumtoza mtu kodi au kumwachisha kazi, kwa kujitaja kuwa ni watumishi watiifu wa huyo waliyemwandikia, nami sitaivunja ada hiyo.

Wa salaam,
Mtumishi wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kiingereza, Pwani ya Afrika Mashariki