Jinsi ya Kutembea Lamu Asubuhi Bila Kugombana na Punda

Toka saa kumi na mbili unusu, jua likichomoza upande wa kisiwa cha Manda. Ukilala mpaka saa nne, joto litakufukuza urudi ulikotoka. Viatu vya kupandia Mlima Kenya viache chumbani. Kiini cha mji huu wa kale ni kama hekta 16 tu, ndara zinatosha.

Kanuni ya kwanza inamhusu punda, na haina mjadala: yeye ndiye mwenye njia. Gari haliwezi kupenya vichochoro hivi. Mchanga, saruji, magunia ya unga, vyote vinapita mgongoni kwake, shogi zikining'inia huku na huku hadi kugusa kuta. Ukisikia "Simile! Simile!" nyuma yako, usigeuke kupiga picha. Bana ukutani, vuta tumbo, mwache apite. Kijana anayemswaga ana mizigo ya kufikisha kabla ya jua kali, na hawezi kukungoja uchague pozi. Wapo wageni waliovuka bahari mbili wakaja kubishana na punda wa Lamu kichochoroni. Punda hakurudi nyuma hata hatua moja.

Kanuni ya pili ni salamu, nayo inatangulia kamera. Wazee waliokaa barazani na vikombe vya kahawa tungu wamekuona tangu ulipokunja kona. Toa "Asalaam aleikum" yako, ngoja ijibiwe, uulize hali, ndipo uulize njia. Anayepita kimya huku ameinua simu juu kama mwenge ataelekezwa njia vilevile, maana watu wa Amu, yaani Lamu, ni waungwana, lakini hatasimuliwa lolote. Aliyesalimu vizuri huenda akaambiwa nyumba ile ilikuwa ya nani, nani alimwoza nani humo, na kisima kiko wapi. Mambo hayo hayamo katika ramani yoyote. Na usimpige picha mwanamke aliyevaa buibui kwa kuwa tu amependeza akipita kwenye kivuli. Anakwenda sokoni, hajaja kukupambia safari.

Sasa fuata Usita wa Mui, ndiyo njia kuu, kisha ingia mtaa wa Mkomani upande wa kaskazini na upunguze mwendo kabisa. Kuna wageni wanaolalamika kwamba hapa hakuna cha kuona, ni kuta tupu. Wakae kwenye daka moja waangalie. Daka ni ile sebule ndogo ya nje, yenye viti vya mawe pande mbili za mlango, na mimi naipenda kuliko kitu chochote katika mji huu. Mwenye nyumba humpokea mgeni hapo bila kumwingiza kwa watu wake, na mgeni hupumzika bila kuona haya. Ndani zaidi kuna kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu, kisha misana, ndizo kumbi ndefu, kisha chumba cha ndani chenye zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu. Nyumba imegeuza uso wake kwa wenyewe. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa kidogo usiuchukue kuwa ni kibali cha kuchungulia. Ukitaka kuona zidaka, ipo nyumba ya makumbusho hapo hapo Mkomani, lipa kiingilio uingie kwa heshima.

Tafuta mahali ambapo lipu imebanduka. Utaona mawe ya matumbawe yenye vitundu vitundu, yameshikwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yenyewe. Juu kuna boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliowaamulia mafundi upana wa chumba: mita tatu hivi, basi. Juu ya kichwa chako, chumba kizima kimevuka njia kuunganisha nyumba mbili. Hilo ni wikio. Waliokuwa jamaa walitembeleana bila kushuka mtaani.

Ngome, iliyoanzwa 1813 na kukamilika 1821, huwezi kuikosa. Ilikuwa gereza kwa miaka mingi, sasa ni makumbusho. Nyuma yake upo Msikiti wa Pwani, ambao maandishi yake ni ya mwaka 1370. Vua kofia ya majigambo hapo, kwa sababu watu wanaswali katika mtaa huu tangu zamani hizo. Msikiti wa Riyadha uko mtaa wa Langoni, na ukifika wakati wa Maulidi jiandae kutopata chumba mji mzima.

Kufikia saa tatu utakuwa na njaa. Kula mahamri na mbaazi za nazi palipo na wenyeji wengi, na kama kuna kijana aliyekutembeza, mlipe bei mliyopatana, bila kumkumbusha kwamba njia zenyewe ulikuwa unaziona.

UNESCO iliuingiza mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, lakini cheti hakizibi ufa. Saruji inayopakwa juu ya matumbawe hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza kimyakimya. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwako uliyerithi au kununua nyumba Mkomani: usimwite fundi wa saruji. Mwite fundi wa chokaa, na umwite kabla ya masika.